Chini ya Ngazi

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyekaa eda katika chumba cha ndani kabisa cha nyumba kubwa ya mawe, na alikuwa na dada katika nchi ya mbali aliyetaka kusema na mama huyo kabla hajapasuliwa moyo. Mtu huyo aliitwa Shaibu. Kazi yake ilikuwa kupima viwanja, na kwa kuwa alijua kuchora ramani, ndugu zake walimtwika yeye kazi ya kuhakikisha kwamba dada na mama wanaonana. Walimtwika kwa upole na kwa sifa nyingi, kama watu wanavyomtwika mwenzao mzigo ambao wao hawautaki. Siku alizokuwa nazo zilikuwa tano.

Nyumba ile aliijenga babu wa baba yao, zama ambazo watu walijenga kwa kuogopa joto na wezi. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa moja na shibiri, na za ndani zilizidi hapo. Mtu akiita kwa nguvu sebuleni, aliye chumba cha ndani hasikii kitu. Simu za mkononi nazo zilikata roho ukishavuka ua. Vijimstari vya mtandao viliondoka kimoja kimoja, na ukifika kwa Mama simu imebaki kuwa saa ya kutazamia wakati wa sala. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu, kwani Mama hakuwa na haja ya simu, na aliyemtaka alimfuata aliko.

Sasa baba yao alikuwa amefariki, na Bi Mwanamize, mama yao, alikuwa ndani akihesabu miezi minne na siku kumi. Dini haikumkataza kutoka hadi uani. Lakini wanawake wa nyumba ile walikuwa wamekaa eda katika chumba kile tangu enzi za mabibi zao, na yeye hakutaka kuwa wa kwanza kuvuka kizingiti. Juu ya hayo miguu yake ilikuwa imevimba tangu msiba. Hata sala alisali ameketi.

Huyo dada wa mbali aliitwa Zuwena, kitinda mimba wao. Miaka minane ilikuwa imepita hajasikia sauti ya mama yake. Aliolewa na mtu ambaye Mama alimkataa, akaondoka asubuhi moja bila kuaga, na Mama akasema hataki kulisikia jina lake tena. Alikuwa mwanamke wa kutimiza anachosema. Lakini kifo cha mumewe kilimlainisha. Baada ya kisomo cha arobaini aliwaita wanawe, akawaambia kwamba amechoka kukasirika, na kwamba Zuwena akipatikana anataka kumwona uso na kumpa radhi. Wakampigia simu, na ndipo wakaambiwa kwamba yuko hospitali, vali moja ya moyo haifungi sawasawa, na Jumatano inayokuja, saa tisa alasiri kwa saa za nyumbani, ataingizwa chumba cha upasuaji. Zuwena alilia kwenye simu. Akasema hana haja nyingine duniani ila amwone Mama akimtazama, amsikie akisema nimekuwia radhi, japo kwa dakika moja, kisha madaktari wamfanye watakavyo.

Barke, dada yao mwingine, alishauri kwamba Mama arekodiwe sauti, kisha mtu atoke nayo nje aitume. Mama alikataa. Alisema hawezi kumpa radhi mtu asiyemwona akimjibu. Akisema na chombo kisha kikafungwa na kupelekwa, atajuaje kama mwanawe amekubali au amenuna? Ikabaki njia moja tu, kuingiza intaneti ndani ya nyumba, ipenye kuta zile, imfikie Mama alipoketi.

Ijumaa asubuhi alikuja fundi, mwanamke wa makamo aliyeitwa Tumpe, mkoba wa vifaa begani. Alivuta waya hadi sebuleni akafunga kifaa cha kwanza. Kisha akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akatikisa kichwa. Alimweleza Shaibu kwamba katika nyumba kama hii kifaa kimoja hakifui dafu. Panatakiwa vifaa kadhaa vinavyopokezana, cha kwanza kinakipa cha pili, cha pili kinakipa cha tatu, kama watu wanaopokezana ndoo kuzima moto. Habari hiyo walikuwa wameshaisikia, na vifaa walikuwa wameshavinunua. Kondo, kaka yao mkubwa, alinunua kimoja, Barke kimoja, Shaibu kimoja, na cha nne walichanga wote kwa ajili ya Mama, na dukani hapakubaki kingine.

Shaibu akatembea na fundi huyo chumba kwa chumba, yeye na karatasi ya ramani mkononi, fundi na simu yake akitazama nguvu ya mtandao. Uani ilikuwa nzuri. Baada ya ua kulikuwa na ujia mwembamba wenye ngazi ya mawe inayopanda juu kwa Kondo, na chini ya ngazi kulikuwa na mafagio, jiko la mkaa, mbuzi ya kukunia nazi, ndara zisizo na wenyewe, na soketi ya pampu ya maji. Tumpe akasimama hapo. Akamwambia Shaibu kwamba hapa ndipo penyewe. Kimoja kikikaa hapa, cha chumba cha ndani kitapokea, na kisipokaa hapa, kule ndani wasahau. Akaongeza kwamba vifaa hivi watu huvidhania vibaya. Havitengenezi mtandao. Vinapokea ndipo vinatoa, na kilichowekwa mahali kisipomsikia mwenzake ni sanduku tu lenye taa. Akauliza pale chini ya ngazi ni pa nani. Shaibu akajibu kwamba si pa mtu. Akachora duara dogo kwa penseli kwenye ramani, na fundi akaenda zake akiwa ameridhika.

Jumamosi ndugu waliketi sebuleni juu ya mkeka. Shaibu alivipanga vifaa vyote vitano mbele yao, vile vinne na kile cha sebuleni, bega kwa bega, akaviunganisha kimoja baada ya kingine kama alivyoelekezwa. Taa zikawaka nyekundu, zikapepesa, kisha zote zikageuka kijani. Kondo akasema alhamdulillahi. Barke akapiga picha. Na kwa nini zisigeuke kijani? Vilikuwa vimekaa mkeka mmoja, kimoja ukikinyooshea mkono unakifikia kingine. Hata watu waliogombana miaka, ukiwaweka mkeka mmoja mbele ya wageni, wataitikia salamu.

Kisha ikaja kugawana. Katika nyumba ile kila kitu kiligawanywa kwa umri. Nyama ya Idd ilianza kwa mkubwa, maji ya kuoga yalianza kwa mkubwa, na hata vyumba vilipangwa hivyo. Kondo akachukua chake akapanda nacho juu, maana hakuna aliyewahi kufikiri vingine. Barke akachukua chake akaenda nacho upande wake, ambako alifuma vitambaa na kuviuza kwa picha za simu. Cha Mama kikawekwa kando kwa heshima ili kipelekwe kwa Mama. Kikabaki cha Shaibu.

Katika watu wote wa nyumba ile, ni Shaibu peke yake aliyejua. Maneno yalimjaa kinywani akayameza. Kusema chini ya ngazi kunahitaji kimoja ilikuwa ni kusema mmoja wetu akose. Kumwambia Kondo, aliyemshika mkono siku ya kwanza ya chuo cha Kurani, kwamba chombo chake kikakae na mafagio, asingethubutu. Kumwambia Barke ilikuwa kutafuta ugomvi wa mwezi mzima. Lilikuwapo neno la tatu, nalo lilikuja lenyewe, likasimama mbele yake, kwamba chukueni changu. Shaibu alilitazama neno hilo, kisha akaliacha lipite. Jumatano ileile alikuwa na ramani za shamba kubwa za kupeleka ofisini kwa mtandao, kazi ya miezi mitatu, na chumbani kwake ndiko zilikokuwa kompyuta na meza. Akachukua chake akaenda nacho. Jioni akakaa na ramani ya nyumba, akalifuta lile duara kwa kifutio, akapuliza vumbi lake. Alijiambia kwamba kifaa cha Mama ni kipya na kina nguvu, na pengine mafundi hupenda kutia chumvi.

Chombo kile kilipelekwa chumba cha ndani kikawekwa kwenye kidaka cha ukutani, karibu na msahafu na chupa ya marashi. Barke alikifunika kwa kitambaa chake cheupe cha kufuma, kizuri kuliko vyote, chenye ncha za mawaridi, kama tunavyofunika redio na televisheni zetu zisiingie vumbi. Mama akamwombea. Taa ikawa chini ya kitambaa, na hakuna aliyeiona tena.

Jumapili na Jumatatu zilikuwa siku njema kwa nyumba ile, isipokuwa kwa mtu mmoja. Kondo alitazama mawaidha na mpira bila kukatikakatika, akasema kwamba kweli dunia imekwenda. Barke alipata wateja wawili wa mji mwingine. Wote waliulizana kama Mama amewekewa chake, wakajibiana kwamba amewekewa, tena kizuri. Shaibu naye mtandao ulimjaa chumbani tele, lakini sahani yake ilirudi jikoni na chakula. Sababu aliijua na hakutaka kuitazama. Kila adhuhuri alikwenda kumwamkia Mama, akaketi mkekani, macho yakamwendea kile kitambaa. Jumapili mkono wake ulinyanyuka, akaugeuza akaweka sawa chupa ya marashi. Jumatatu hakuunyanyua. Aliogopa kwamba akifunua ataona, na akishaona atapaswa kufanya jambo. Mama alimwuliza zimebaki siku ngapi. Akasema mbili. Mama akasema amekwishayapanga atakayomwambia Zuwena, na kwamba usingizi umemruka kwa furaha. Shaibu alicheka naye kidogo, akatoka upesi.

Jumanne, muda mfupi baada ya sala ya adhuhuri, Zuwena alimwandikia kwamba anaogopa, na kwamba leo ajaribishiwe kuonana na Mama hata kwa sekunde chache, ili kesho awe na hakika. Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Shaibu aliingia chumba cha ndani na simu mkononi, akafunua kitambaa. Taa ilikuwa nyekundu. Ilikuwa nyekundu na imetulia, kama jicho la mtu aliyekesha. Akamwuliza Mama tangu lini. Mama hakujua. Alidhani ndivyo kilivyo, kwamba kinasubiri Jumatano ndipo kifanye kazi yake.

Tangu saa ile Shaibu hakukaa. Alikihamishia chombo cha Mama juu ya kabati, kikawa chekundu. Akakiweka juu ya kiti mlangoni, chekundu. Akakipeleka hadi uani, kikageuka kijani mara moja, lakini mtandao wake ukaishia ukutani na ndani kwa Mama hapakufika kitu. Akakirudisha. Mtu mzima mwenye mvi, anatembea na kisanduku kifuani, anaingia na kutoka, na mama yake anamfuata kwa macho.

Akapanda juu kwa Kondo. Alikuwa ameazimia kusema, na alipofika alimkuta kaka yake amejinyoosha kwenye kochi, simu juu ya kifua, amependeza kwa raha. Wakazungumza habari za mpira. Wakazungumza habari za dari linalovuja. Shaibu akashuka na lile lililompandisha bado liko mdomoni. Akaenda kwa Barke, na kwake alisema, kwa kuwa kwa Barke ni rahisi kusema. Barke akamtazama akamwambia aanze na mkubwa, na kama mkubwa hatoi, kwa nini atoe yeye mwenye riziki yake humo. Kisha akauliza, huku anaendelea kufuma, kile cha Shaibu kinafanya nini. Shaibu akasema kina kazi maalumu. Barke akasema basi na changu pia.

Akamwandikia Zuwena kwamba mtandao unasumbua kidogo, kesho utakuwa sawa inshallah. Akatuma, na ujumbe ukaenda upesi, maana chumbani kwake mtandao ulikuwa mzuri. Lakini lazima niwaambieni maneno yale yalikuwa maneno gani. Kwa miaka minane Zuwena alikuwa akipiga simu nyumbani kila Idd na kila Ramadhani, akimwulizia Mama. Na kwa miaka minane ndugu zake, kwa kumwonea huruma, hawakumwambia kwamba Mama amekataa. Walimwambia amelala. Walimwambia yuko chooni. Na mara nyingi kuliko zote walimwambia kwamba mtandao unasumbua. Zuwena hakuwa mtoto. Tangu mwaka wa pili alikuwa ameshajua maana yake. Shaibu aliyaandika bila kukumbuka, kwa mazoea ya mkono, na Zuwena aliyasoma kitandani akayaelewa kwa namna alivyozoea kuyaelewa. Akajibu, sawa kaka.

Jumatano ikafika. Tangu asubuhi Shaibu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta akipakia ramani zake, na ramani zilikuwa nzito, zinakwenda taratibu, asilimia kumi, asilimia ishirini. Alijiambia kwamba zikimalizika kabla ya saa nane, atakichukua kifaa chake akiweke chini ya ngazi. Saa nane ikafika zikiwa nusu. Akajiambia nane na nusu. Kila baada ya dakika chache alikwenda chumba cha ndani akachungulia taa, kana kwamba labda imemhurumia, akarudi kutazama asilimia. Mama alikuwa ameoga, amevaa nguo nyeupe za eda zilizopigwa pasi, ameegemea mito, simu ya Barke imesimamishwa mbele yake juu ya kigoda. Katika kioo cha simu kulikuwa na kigurudumu kidogo kinachozunguka bila kufika.

Saa nane na dakika arobaini Kondo naye alishuka, akasimama mlangoni kwa Mama, akauliza kulikoni mbona hakuna kitu. Barke akasema aulizwe Shaibu. Shaibu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ukweli ukamtoka, umekatikakatika na umechelewa: kwamba lazima kimoja kikae chini ya ngazi, kwamba fundi alimwambia tangu Ijumaa, kwamba aliona haya kusema. Kondo akakunja uso, akasema angeambiwa angetoa. Barke akasema yeye hakuambiwa fundi kasema nini. Wakaanza kupokezana lawama, kila mmoja akimpa mwenzake, na hapo zilipita dakika nyingine ambazo hazikuwa zao.

Mama aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka viganja juu ya godoro, akajaribu kuinuka, na uso wake ukajikunja kwa maumivu.

"Kama hivyo vyombo haviwezi kutoka vyumbani mwenu," akasema, "basi nitoeni mimi chumbani mwangu."

Mwanamke yule alikuwa hajavuka kizingiti kile tangu mumewe azikwe, na alikuwa amekusudia asikivuke. Kondo na Barke wakamshika huku na huku wakamnyanyua, naye akaguna kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, miguu ikakataa, wakamrudisha chini taratibu. Shaibu hakungoja kuona zaidi. Alikimbia. Akaingia chumbani kwake, na ramani zilikuwa zimefika asilimia tisini na moja. Hakuzitazama mara mbili. Alichomoa kifaa, akarudi nacho mbio hadi chini ya ngazi, akapiga teke mafagio na mbuzi ya nazi, akachomoa pampu ya maji, akachomeka. Taa ikawaka nyekundu.

Mimi sijui kama mmewahi kungoja chombo namna ile kiamke. Hakina haraka. Hakijui mtu yuko wapi wala amevalishwa nguo gani. Taa nyekundu ilikaa, ikaanza kupepesa, ikaacha, ikaanza tena. Shaibu alipiga magoti mbele yake juu ya majivu ya jiko, akiomba kwa sauti, aya zikimchanganyikia. Alijua sasa kwamba angekuwa amekileta Jumamosi kingeamka wakati ule wote ambapo hakuna aliyekuwa na haraka. Alijua pia kwamba angeweza kukileta jana, na leo asubuhi, na saa nane. Kutoka ndani alimsikia Barke akisema bado. Akasema tena bado. Dakika sita zilipita, na saa ya ukutani ikagonga tisa. Kisha taa chini ya ngazi ikageuka kijani, na kutoka chumba cha ndani Barke akapiga ukelele mdogo kwamba na cha Mama kimegeuka.

Simu ikaita mara moja tu, ikapokelewa. Picha ilikuja safi, kuta zile zote zikiwa kama hazipo. Palionekana kitanda cha chuma chenye shuka la buluu lililovutwa upande, mto wenye alama ya kichwa, kisha uso wa muuguzi mmoja aliyeipokea simu ya Zuwena. Muuguzi alisema kwa upole kwamba mgonjwa ameshachukuliwa, amepita mlango dakika tatu au nne hivi zilizopita, na simu yake aliiacha juu ya mto.

Bi Mwanamize alitazama alama ile ya kichwa juu ya mto. Kisha akamwomba muuguzi asikate, aisimamishe simu ielekee kitandani, na muuguzi akafanya hivyo akaenda kwenye kazi zake. Mama akasema yote aliyokuwa ameyapanga, neno kwa neno, yeye aliyekataa kusema na mtu asiyemwona. Akasema nimekuwia radhi, mwanangu, akasema mara tatu. Wanawe watatu walisimama nyuma yake wasijue pa kuweka mikono. Mtandao haukukatika hata kidogo.

Zuwena hakufa, na msinishukuru mimi kwa hilo. Aliamka Alhamisi usiku, na Ijumaa aliweza kusema. Alionana na Mama, akapewa radhi yake, wakalia, na kifaa kile kiko chini ya ngazi hadi leo na hakuna aliyekiulizia. Kazi ya ramani alipewa mpimaji mwingine. Shaibu hakuisikitikia. Lililomwondolea usingizi ni jingine, nalo alilisikia siku ambayo Zuwena alipata nguvu akasema naye peke yake. Shaibu alitaka kumwomba msamaha kwa kuchelewa. Zuwena akamwambia hakujua kwamba kuna kuchelewa.

"Kaka," akasema, "mimi niliingia mle nikijua Mama amekataa."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayeeleza njia aliyopita. Kwamba walimsukuma kitanda katika ujia mrefu wenye taa nyingi darini, kwamba alizihesabu taa hizo ili asifikiri, na kwamba walipomwambia avute pumzi alale, alilala akiwa hana mama. Wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba wakati uleule, katika chumba kimoja cha mawe, kulikuwa na mwanamke aliyevimba miguu aliyekuwa akitaka kubebwa kuja kwake.

Basi ninyi mliowekwa katikati ya anayetoa na anayengoja, na kila mmoja wenu mtandao umemjaa chumbani mwake: ni nani leo anaingia katika hofu yake akidhani amekataliwa, na kumbe ni ninyi hamkuwapo njiani?